Mabati ya Mama na Wageni wa Denmark

Nitawasimulia, lakini naomba mcheke mapema, kwa sababu kuna mahali huko mbele kicheko kitakwama na sitaki nikifika hapo niwe peke yangu. Kwaya nzima inaujua mkasa huu, Kwihara yote wanaujua, na pale sokoni Tabora mjini kuna mama mmoja muuza dagaa ambaye kila akiniona huinua macho juu kama mtu anayekagua dari, halafu anageuka kucheka na wenzake. Sijawahi kumkasirikia. Aibu hii nimeitafuta mwenyewe, tena kwa mikono miwili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiingereza (cha kiasi chake, msinipeleke mbali), na naimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu la Moravian. Naishi mjini. Mama yangu, Bibi Kalunde, alikuwa akiishi peke yake Kwihara katika nyumba aliyoijenga babu. Babu aliijenga tembe, yaani kuta nene za udongo na paa bapa la miti na nyasi na udongo ulioshindiliwa juu yake, kama zilivyokuwa nyumba za huku kwetu enzi za misafara. Lakini mimi nikiwa bado sijaanza shule baba aliuza tumbaku vizuri mwaka mmoja, akalishusha lile paa la udongo, akazipandisha kuta kidogo, akapiga mabati. Mabati yenyewe aliyafuata mjini na mkokoteni wa ng'ombe, na mama alikuwa akituhadithia jinsi watu walivyotoka barabarani kuyatazama yakipita yanang'aa. Baba alipofariki tulimwita mama mjini, akakataa. Dada yangu Milembe, aliyeolewa Usoke, akamwita, akakataa. Alikuwa akisema, "Mimi humu nitatolewa nikiwa nimebebwa," na anasema huku anachambua mchicha, bila huzuni yoyote, kama mtu anayekwambia kesho atafua. Hakuwa na ombi jingine duniani, na sisi watoto tuliona ni ombi dogo.

Sasa kwaya yetu ikaalikwa Denmark na kanisa rafiki. Jamani, mimi nilitarajia maghorofa ya vioo. Tukapelekwa mji mdogo ambao kila nyumba ni nzee kuliko mtu yeyote aliyewahi kukumbukwa katika ukoo wangu: matofali ya njano yaliyofifia, mapaa ya vigae vyekundu vilivyoota ukungu wa kijani, madirisha ya vioo vidogo vidogo yenye maua nje, barabara za mawe ya mviringo ambazo viatu vyangu vipya vilizichukia tangu siku ya kwanza. Nyumba zimeshikana, zimeegemeana, nyingine zimepinda kabisa, na hakuna anayeona haya. Nikaambiwa mtu haruhusiwi hata kubadili rangi ya mlango wake mwenyewe bila kwenda kuomba ruhusa. Nilicheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani. Jioni jua la kule halizami upesi, linakaa tu juu ya zile kuta likizifanya kama zimepakwa asali, na mimi nilikuwa nikitembea peke yangu mikono nyuma, nikijiuliza kwa nini sisi kila kilichozeeka tunakionea aibu.

Nilifikia kwa mama mmoja mjane anaitwa Kirsten, mtu mzima mwenye nywele nyeupe pe, mcheshi, nyumba yake pembeni mwa mji imeezekwa matete. Ndiyo, matete, kama nyasi tu. Milango mifupi, nikagonga kichwa mara nyingi mpaka akanitundikia kitambaa chekundu pale juu. Siku moja akachukua yai lililochemshwa, akaliweka sakafuni karibu na dirisha, yai likabingirika lenyewe mpaka jikoni, na yule mama akacheka kwa fahari, akaniambia nyumba hii ilianza kuinama tangu enzi za bibi wa bibi yake. Kwetu sakafu ikiinama hivyo unamficha mgeni asiione.

Basi pale mezani, mbele ya wanakwaya wenzangu wawili na majirani wa Kirsten, nikasema, "Hata sisi tuna nyumba ya babu. Tembe. Mpaka leo lina paa lake la udongo, na mama yangu anakaa humo."

Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilitaka na mimi niwe na kitu kilichoinama. Wenzangu wakaangalia sahani zao (wote wameshakula kwa mama, wote wanayajua yale mabati), Kirsten akashika mikono yangu akasema siku moja lazima alione. Nikasema karibu sana. Kwetu karibu haikatazwi, na Denmark ni mbali.

Tukarudi. Haikupita miezi mingi ukaja ujumbe kwenye simu kwamba kanisa rafiki wanakuja kututembelea, na Kirsten yumo, na katika ratiba yao ameomba wakitoka kuangalia tembe la makumbusho pale Kwihara wapite kwa mama yangu, waone tembe ambalo mtu bado analala ndani. Ningeweza kuandika ukweli kwa mstari mmoja. Niliuandika ule mstari kabisa, nikaufuta, nikaandika: "Mama anakusubiri."

Hapo sasa ndipo nilipojipa kazi ya kuufanya uongo uwe kweli. Nikajiambia wala si uongo, ni kurudisha urithi. Nikaenda Kwihara na simu yangu imejaa picha, nikakaa na mama barazani nikamwonyesha nyumba moja baada ya nyingine, nikimweleza thamani ya vitu vya kale. Mama alizitazama kwa makini, maana macho yake bado mazuri, akafika kwenye nyumba ya Kirsten, akasikitika kweli.

"Maskini," akasema, "kumbe na hawa wapo ambao hawajapata bati?"

Nikamweleza kwamba si umaskini, wameacha kwa kupenda. Akatikisa kichwa. Nikamwambia nataka kulirudisha paa la babu. Akaiweka simu yangu chini taratibu kama kitu cha kuvunjika, akasema, "Baba yenu hayupo. Wewe ndiye mkubwa. Ukiona ni sawa."

Ninyi mliolelewa na mama wa Kinyamwezi mnajua. Mama akimwambia kifungua mimba wake "ukiona ni sawa," hajakubali. Hawezi kukukatalia wazi, kwa kuwa baba akishaondoka wewe ndiye umekaa pale alipokaa baba, na kukukatalia ni kama kumkatalia yeye. Kwa hiyo anakurudishia jambo mkononi akitumaini utalitazama tena uone haya. Mimi nalijua hilo tangu nina akili. Siku ile nikajifanya nimekuwa mzungu, nikasikia ndiyo.

Nikamchukua fundi Shabani, rafiki yangu tangu shule, ambaye amejenga nyumba nyingi za tofali lakini tembe hajawahi, na hakujua zaidi yangu. Wazee waliojua wameshazikwa. Tukapiga hesabu zetu za kubahatisha, tukakata mikaratusi maana miti migumu ya msituni ilitaka vibali, tukapata fito, nyasi, na udongo wa kichuguu. Mabati alikuja kuyachukua bwana mmoja wa Kigwa aliyekuwa akijenga banda la kuku. Siku ya kuyashusha mama alisimama uani, kanga imefungwa kifuani, na kila bati lililopita mbele yake alikuwa akilitambua. Hili ndilo lililopigwa na mvua ya mawe. Hili baba yenu alikanyaga vibaya likabonyea, tukagombana siku nzima. Kisha akaniomba nimwachie moja, la kufunikia kuni zake.

Nikamwambia, "Mama, huyu bwana nimemwahidi yote. Nitakununulia jingine."

Akasema haya. Hilo jingine sikulinunua, na yule bwana wa Kigwa nina hakika angeniachia bati moja kama ningefungua mdomo.

Milembe alipopata habari akanipigia simu. "Elia, umeyavua mabati ya baba?" Nikaanza hotuba yangu ya urithi. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Na mama amesema nini?" Nikasema amekubali. "Amekubali, au amesema ukiona sawa?" Nikamwambia chaji inakwisha, nikakata. Chaji ilikuwapo.

Wageni walikuwa waje wakati wa kiangazi. Wakaahirisha, mambo ya tiketi, ikasogea ikasogea mpaka mvua zikaanza. Paa lilikuwa limependeza, siwadanganyi, limenyooka, jekundu, ukilitazama kwa mbali na zile kuta nene unaona kabisa msafara unaingia na mizigo. Shabani alikuwa ameshauri tutandike nailoni kati ya nyasi na udongo, nikamkatalia, nikamwambia wale watu wana macho, wataona ncha zake zikichungulia. Mama akaanza kulalamika kidogo kidogo, kwa njia yake: mchanga unaingia kwenye chakula, wadudu wanadondoka kitandani. Siku moja aliniambia kwamba siku hizi mvua ikinyesha usiku haisikii, anaamka asubuhi anakuta uani maji, anajisikia kama mtu ambaye wenzake wamesafiri bila kumuaga. Nikamwambia atazoea.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri, ile ya kutulia, isiyo na haraka. Mchungaji wetu akashauri tuwapokee wageni kanisani, nyumba ya mama tuipitie tu kwa nje. Nikakataa, nikasema wametoka mbali kuona nyumba. Basi tukaingia wote: wageni, kwaya, wazee wa kanisa, majirani, na waliokuja kuangalia wazungu, tukajazana sebuleni kwa mama mpaka wengine wakaegemea nguzo. Akina mama walikuwa wamepika wali na kuku. Kirsten akaingia akainama mlangoni kwa mazoea, akazigusa kuta kwa kiganja, machozi yakamlengalenga. Akakaa mkekani karibu na mama, akamwamkia "shikamoo" tuliyomfundisha, mama akaitikia "marahaba, mwanangu," watu wakapiga makofi. Mpaka hapo mimi nilikuwa mtu mkubwa sana.

Kirsten akaniomba nimtafsirie. Akauliza, je, mama anafurahi kwamba mwanawe amelitunza paa la wazee?

Nikamtafsiria mama. Mama alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi. Akamtazama yule mgeni kwa upole kabisa, akasema, "Mwambie mimi nilikuwa na mabati. Mume wangu aliniletea. Mwambie mwanangu ameyatoa ili ninyi mkija mnikute hivi. Mwambie simlaumu yeye mgeni, yeye hakujua."

Nikamgeukia Kirsten, nikasema kwa Kiingereza changu cha darasa la tano, "Mama anasema anafurahi sana, na anamshukuru Mungu."

Kuna mtu alikohoa. Mama haelewi Kiingereza, lakini alisikia urefu wake, akaniambia, "Mbona fupi?" Wanakwaya wakaanza kutazamana. Mchungaji, ambaye alisoma nje na Kiingereza chake si cha kwangu, alikaa kidogo akiwa ameinamisha kichwa, nadhani akiniombea niseme mwenyewe, na nilipokaa kimya akamgeukia Kirsten akamtafsiria neno kwa neno, polepole, mpaka lile la simlaumu. Nikamwona Kirsten akiinua macho kulitazama paa, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto uliyemkuta amejikojolea mbele za watu.

Na pale alipoinua uso ndipo tone la kwanza likamwangukia. Tope, jekundu, katikati ya paji, likashuka puani. Likafuata kwenye nywele nyeupe, likafuata kwenye sinia la wali, likafuata kwenye kitabu cha nyimbo cha mwalimu wa kwaya. Mtu akafungua mwavuli humo humo ndani, watu wakacheka, na wa pili akafungua, wakacheka zaidi, mimi nimesimama katikati nikisema "ni kidogo tu, ni kidogo tu," na wale wageni kwa adabu yao wamekaa tu wanatabasamu huku mashati yanageuka rangi. (Hapa ndipo mnaporuhusiwa kucheka. Mimi mwenyewe nikikumbuka ile miavuli huwa nacheka.)

Kisha mkaratusi mmoja wa paa ukalia.

Haukulia kwa kishindo. Ulilia kama mlango mzito. Shabani, aliyekuwa karibu na ukuta, akapiga kelele watu watoke, na hapo hakukuwa na mgeni wala mwenyeji, tulitoka mlango mmoja tukikanyagana, vyungu vikamwagika, tukasimama mvuani tukihesabiana. Kirsten yupo, mchungaji yupo, watoto wapo. Mama hayupo.

Nikarudi ndani. Sebule ilikuwa imeshaanza kushuka upande mmoja, tope linachuruzika kama mtu anamwaga uji. Mama alikuwa chumbani kwake, ameketi kitandani, mikono mapajani. Nikamwambia mama twende, linaanguka. Hakuinuka.

"Nilisema nitatolewa humu nikiwa nimebebwa," akasema. "Haya, nibebe."

Nikambeba. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba niliogopa. Nilipita naye ile sebule nimeinama, kifua changu kikimfunika, udongo unatupiga mgongoni, nikatoka naye mlangoni mbele ya kijiji kizima, mbele ya wageni, gauni lake la Krismasi limejaa tope, kilemba kimeanguka, mvi zake ziko wazi, mama ambaye sijawahi kumwona akitoka hata kwenda chooni bila kilemba. Nyuma yetu paa likashuka lote. Hakuna aliyecheka. Kirsten akavua koti lake akamfunika mama kichwa, na mama akaniambia taratibu, sikioni, "Niweke chini sasa. Watu wanatazama." Nilimweka chini, na mpaka leo nahisi sijamweka.

Milembe alikuja kumchukua siku iliyofuata. Hakunigombeza. Alikusanya nguo za mama, akazikung'uta moja moja, wakaondoka kwenda Usoke.

Nikakopa huku na huku, nikainua upya ile nyumba. Kuta za babu zilikuwa bado imara, nikaweka mbao, nikapiga mabati mapya ya rangi, ya mgongo mpana, mazuri kuliko ya baba. Kirsten aliponiandikia kuuliza hali ya mama, nilimjibu ukweli wote, hata lile la mstari niliofuta, akaniandikia kwamba alilia. Kazi ilipokwisha nikaenda Usoke nimenyoosha shati. Mama alikuwa nyuma ya nyumba na Milembe, wanamenya karanga, mabani ya kukaushia tumbaku yanafuka moshi kwa mbali. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, akanisogezea kigoda. Nikamwambia nyumba iko tayari, nikamwonyesha picha. Akaitazama kwa makini, akauliza rangi ile inaitwaje, akauliza kama mlango wa uani nimeubadili, akanibariki kwa kunishika kichwa kama zamani. Nikamwambia basi tuondoke kesho.

Akaendelea kumenya. "Elia," akasema, "yale mabati ya kwanza aliniletea mume wangu, nikawa na kwangu. Wewe ukija Kwihara ulikuwa unapiga hodi, nakukaribisha. Haya ni yako. Nikienda kukaa chini yake nitakuwa nakaa kwako, na kwako ungeniweka mjini siku nyingi, mimi ndiye niliyekataa. Niache hapa. Hapa niliingia nikijua naingia kwa mtu."

Nilimwambia mama, mabati ni mabati. Akacheka kidogo, akanipa kiganja cha karanga, akasema, "Ndivyo ulivyoona tangu mwanzo." Hakusema kwa ukali, na nadhani ndiyo maana nilishindwa kuzila.

Nyumba za kale nazipenda bado, siwezi kuwadanganya, hata sasa mkinionyesha picha ya ule mji na matofali yake ya njano nitasogea niitazame. Lakini nimeapa, na ninyi ni mashahidi, kwamba sitasifia tena nyumba ya mtu wala kuigusa kabla sijakaa chini nikamuuliza anayelala ndani, na akinijibu "ukiona ni sawa," nitafunga mdomo niondoke. Kila mwisho wa juma nakwenda Kwihara kufagia uwanja na kufungua madirisha, nyumba isinuke upweke. Majirani wakipita wananiuliza mama anarudi lini, nami nawaambia bado hajaamua.